Unga Mweupe Kwenye Tangi la Konokono

Jumatatu, 3 Machi
Nimebadilisha maji ya tangi nusu, kama kila Jumatatu. Maji ya mvua, kutoka pipa la nyuma. Ya mfereji yana dawa, sitaki. Samaki watano wako sawa. Konokono mmoja mkubwa gamba limekwaruzwa juu, limekuwa jeupe. Wiki jana halikuwa hivyo.

Mami, mamake Kariuki mume wangu, amefikisha wiki mbili hapa Gatitu. Alianguka shambani Mukurweini, nyonga bado inamsumbua. Kariuki anataka akae na sisi kabisa. Nimekubali kwa mdomo.

Jumatano, 5 Machi
Magamba mengine mawili yametoboka. Samaki hawana neno. Ingekuwa ni maji, si wangekufa wao kwanza? Huu ni mkono wa mtu. Na nikienda kazini saluni anayebaki nyumbani ni mmoja tu.

Jana Mami alinihadithia vile anaua konokono wa sukuma wiki zake. Majivu na chumvi. Wanayeyuka. Alicheka mpaka akakohoa. Yeye hata samaki hali, anasema ni nyoka wa maji.

Ijumaa, 7 Machi
Ameniuliza ati hawa wadudu wangu wanakula nini. Akaanza hadithi ya kuku, kuna mmoja alikuwa anataga mayai laini, bila ganda. Sikungoja mwisho. Wadudu! Bi Halima, anayeuza samaki wa tangi, alinitolea wawili kutoka Nanyuki, nikawazalisha mwenyewe mpaka wakafika thelathini. Nililinda yale mayai yao ya pinki juu ya maji kama mtoto wa kuzaa. Nikaenda kufua.

Kingine. Siku hizi asubuhi hataki nishike kitu jikoni. Anachemsha mayai ya nyumba nzima mwenyewe, anatoa maganda mwenyewe. Wema wa ghafla siuamini.

Jumapili, 9 Machi
Nimemshika.

Nilitoka kanisani kabla ya matangazo. Mami amesimama na mkongojo wake, mkebe wa majani chai mkononi, ananyunyiza unga mweupe kwenye tangi langu. Nilipiga kelele mpaka Kariuki akatoka bafuni na sabuni kichwani.

"Ni dawa yao," akasema.

"Hata ya panya ni dawa, Mami!"

Aliketi. Kariuki anasema nimemvunjia mamake heshima. Na mimi nani ameniheshimu? Nilimwaga maji yote, nikajaza ya mvua, freshi. Mkebe nimeuficha chini ya sinki. Ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi
Mami ameenda. Boda mpaka steji ya matatu, hata chai hakuonja. Kule anaishi peke yake. Akianguka tena lawama ni yangu, na Kariuki hatanisamehe. Tayari haongei na mimi.

Lakini niliona kwa macho yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Maji mapya. Mami hayuko. Konokono wanne wamekufa. Gamba ukiligusa linavunjika kama karatasi.

Nimempigia Bi Halima. Akauliza natumia maji gani. Nikamwambia ya mvua, tena kwa maringo.

"Dada, hayo hayana chokaa. Yanakula gamba. Samaki watavumilia, konokono wataisha. Saga maganda ya mayai uwatilie."

Nikatoa ule mkebe. Unga laini kabisa. Chini kabisa, kipande cha ganda la yai ambacho hakikusagika.

Yule kuku wa mayai laini, hata yeye alikosa chokaa. Alikuwa ananieleza, na mimi nikaenda kufua.

Naona aibu. Nimemwambia Kariuki yote. Alisema tu, "Nenda wewe."

Jumamosi, 15 Machi
Nimeenda Mukurweini. Nilimpata nyuma ya nyumba, anamwagia kuku mahindi, mkono mmoja umeshika ukuta. Niliomba msamaha nikiwa nimesimama, hata begi sijaweka chini. Nikamwambia arudi.

Aliuliza wamebaki wangapi. Nikasema ishirini na sita. Akaingia ndani polepole, akatoka na mkebe mwingine wa majani chai, umejaa mpaka juu. Amesaga wiki yote.

Akaniambia niweke kidogo kidogo, nisijaze. Halafu akaniuliza kama gari la kurudi lina nafasi ya mtu wa mkongojo.

Sasa Mami amelala chumba chake hapa Gatitu. Kesho mayai nitachemsha mimi, maganda nitampa yeye.