Papa Alibisha Hodi Brussels

Weston, Jumamosi, mwezi wa tano.

Mvua inanyesha tangu asubuhi, ile nyembamba isiyokupa hata sababu ya kulalamika. Kutoka dirisha la jikoni nauona mto Humber umejaa tope. Tulirudi kutoka Ubelgiji wiki tatu zilizopita, na kila anayeniuliza kuhusu safari namwonyesha picha tu. Picha ni nzuri. Kilichotokea sijamwambia mtu.

Basi niandike.

Papa yangu alikuwa fundi mwashi Bukavu kabla hatujahamia huku. Kwa miaka thelathini alitengeneza zile nyumba walizojenga Wabelgiji kando ya Ziwa Kivu, zenye kona za mviringo na madirisha ya duara kama ya meli. Siku zote alisema anataka kuona walikoitoa akili hiyo. Sasa ana miaka sabini na sita. Nikachukua likizo mwezi wa nne, tukaenda, mimi na yeye.

Siku za kwanza alikuwa mwalimu wangu. Tournai, ndani ya kanisa kuu, alinionyesha matao ya duara na kuta nene, kisha akanivuta hadi upande wa altare, ambako matao yamechongoka na kuta zimegeuka vioo.

"Kule waliogopa jengo lisianguke," akasema. "Huku woga umekwisha."

Bruges alipapasa ukuta wa matofali, akakasirika. "Wameziba na saruji. Ukuta wa chokaa unapumua, Neema. Huu wameunyonga." Antwerp tulisimama uwanjani karibu saa nzima, akinieleza mafundi walivyopanga matofali ya zile nyumba zenye vilele vya ngazi-ngazi.

Ndiyo maana sikutaka kuona mengine. Aliuliza kama tumekula, sahani zikiwa bado mezani. Garimoshini aliniuliza mara mbili kama tutafika Uvira, kusini ya Bukavu, kabla ya giza. Nikajiambia, mtu anayejua ukuta unavyopumua hawezi kuwa anapotea.

Na mimi nahudumia wazee! Kazi yangu ni kuwalisha na kuwaogesha watu waliosahau majina ya watoto wao. Kwa wazazi wa wengine naziona dalili nikiwa bado mlangoni.

Siku ya tano tulikuwa Brussels. Asubuhi tuliangalia nyumba zenye vyuma vilivyopindwa kama mizabibu. Alasiri tukaingia mtaa mtulivu wenye nyumba za baadaye kidogo. Nilisimama kupiga picha, na nilipogeuka Papa alikuwa ameshavuka barabara.

Nyumba ile ilikuwa kama imeng'olewa Bukavu. Kona ya mviringo, roshani ya mviringo, dirisha la duara juu ya mlango. Papa alikuwa ametoa funguo za fleti yake ya huku kwetu, mtaa wa Jane na Finch, anahangaika kuingiza mmoja kwenye kitasa.

"Mama Neema! Fungula, ni miye!"

Mama alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita.

Aliyefungua alikuwa bibi wa Kizungu mwenye mvi, taulo la jikoni mkononi. Nilikimbia. Kwa Kifaransa nilimwomba radhi, nikasema baba yangu ni mjenzi, ameipenda nyumba yake. Papa alimtazama yule bibi, akatazama funguo zake, akavua kofia.

"Pardon, Madame," akasema polepole. "Nyumba nzuri."

Bibi akauliza kama angependa maji. Papa akakataa kwa kichwa. Alishika mkono wa koti langu mpaka hotelini.

Aibu yangu ni kwamba nilirudi hapa nikanyamaza. Mdogo wangu Christian, anayeishi Ottawa, alipopiga simu nilimwambia Papa amefurahi sana. Naogopa atatamka makao ya wazee, na mimi nilimwapia Papa kwamba hatapelekwa huko. Lakini anaishi peke yake, ghorofa ya tisa, na anajipikia.

Leo nilimpelekea fomu ya daktari, ya kupima kumbukumbu. Njia nzima kwenye basi nilikuwa napanga maneno. Hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Ni sababu ya ile nyumba," akasema. "Nilipomwona yule mama, nilijua. Lakini nilikuwa nimeshaita."

Tukakaa mezani. Swali la kwanza lilikuwa: mabadiliko yalionekana lini kwa mara ya kwanza? Nikaanza kuandika Aprili.

"Andika Novemba."

Nikamtazama.

"Novemba nilipanda na kushuka na lifti ya hapa, sijui mara ngapi. Ghorofa yangu ilinipotea. Nikakaa chini pale mlangoni mpaka jirani akanikuta. Nikamwambia napumzisha miguu."

Novemba hiyohiyo, mimi nilikuta kitabu chake cha nyimbo za kanisa ndani ya friji, kimepoa kama nyama. Nilikirudisha kando ya kitanda, nikaenda zangu. Leo nikamwambia. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

Nikafuta Aprili.

Kwa daktari ni Jumanne. Christian tutampigia kesho baada ya misa, na Papa anataka kumwambia mwenyewe. Nilimuuliza atasema nini. Akajibu kwamba atajua akiisikia sauti ya mtoto wake.

Tangu nirudi kutoka kwake najiuliza jambo moja tu: akikwama katikati ya sentensi, Christian akimsikiliza, nitamalizia mimi, au nitaweza kungoja?