Kadi Niliyoichomeka Dukani kwa Mamdogo

Mabatini, Mwanza
Alhamisi, jioni

Mama yangu mpenzi,

Kabla hata sijakuamkia, naomba nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mamdogo, si rafiki yangu wa shuleni, wala padri siku ya kuungama. Ile kadi ya Pasaka niliyokutumia, ya kahawia yenye vinyota vyeupe, sikuinunua. Wewe ulisema kwenye simu, "Ee, hizi kadi za mjini zina mambo!" na mimi nikaitikia ndiyo, za mjini. Niliitengeneza mwenyewe kwa majani ya chai na chumvi. Niliona aibu kusema. Sasa nimefanya kubwa kuliko hilo, na kesho kuna mtu ataitwa mwongo kwa sababu yangu.

Shikamoo, Mama. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kuanika dagaa tangu alfajiri, au Kaka Mafuru ameanza kukusaidia kweli kama alivyoahidi? Mvua zimewaachia siku za jua, au dagaa wanawaozea mchangani? Huku sote ni wazima. Mamdogo ni mzima pia, ila wiki hii hana raha, na anayemkosesha raha ni mimi, ingawa yeye hajui.

Sikupiga simu kwa sababu simu ya hapa ni ya Mamdogo, na imeharibika, haisikiki mpaka uweke spika. Siri gani utaisema hivyo? Halafu unanijua. Mbele ya watu maneno yangu hukwama kooni, yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza. Juzi mwalimu wa Kiingereza alimtaka kila mmoja aseme anapenda kufanya nini akiwa nyumbani. Zamu yangu ilipofika nikasema napenda kulala. Darasa zima likacheka, nikakaa.

Jibu la kweli ni kwamba napenda kutengeneza sura ya kadi. Sijui niiiteje vizuri. Nazungumzia ile rangi na michoro inayokaa chini, ambayo maneno huja kuandikwa juu yake. Duka la Mamdogo si unalijua, kopi, madaftari, na kadi za harusi na za kumuaga binti. Kadi zenyewe anazichukua kwa muuzaji wa jumla zikiwa tayari zimepambwa. Yeye huongeza jina la mwalikwa, na pembeni anaandika singo kwa anayekuja peke yake, dabo kwa anayekuja na mwenzake. Kila nikimsaidia kuzipanga najiuliza, hizi rangi walizipakaje? Mbona hazina alama ya brashi? Siku moja nikadondoshea moja tone la maji nione kama itachuja. Haikuchuja. Ikanitia hamu zaidi.

Mamdogo akikata karatasi ngumu, vipande vya pembeni huvitupa. Nikaanza kuviokota. Chai ilikuwa ya kwanza. Majani ya asubuhi niliyachemsha tena mpaka yakawa mazito, nikapaka kwa kipande cha godoro, na karatasi ikiwa bado mbichi nikanyunyiza chumvi. Mama, ungeona! Kila punje inajivutia maji ya jirani zake, ikikauka unaipangusa, chini yake pana nyota. Lakini chumvi laini inaacha vumbi tu, ya mawe ndiyo inaleta nyota. Kwa nini? Swali hilo nimeliandika nyuma ya daftari la kemia ili nimuulize mwalimu. Lina wiki tatu huko nyuma.

Maganda ya vitunguu yanatoa njano kama kutu. Povu nalo ni raha peke yake. Unakoroga sabuni ya unga na ile bluu tunayosuuzia mashati ya shule, unapuliza kwa ganda la peni mpaka povu linafurika kikombe, unalaza karatasi juu. Linapasuka na kuacha duara juu ya duara. Kisha nikapata wazo la uji wa muhogo. Niliupika mzito kama gundi, nikautia bluu, nikaupaka kwenye kadi sita na kuchora mawimbi kwa chanuo. Zilikauka vizuri mno. Nikazificha nyuma ya ndoo ya unga. Asubuhi nilikuta pembe tu, panya wamekula zote. Mimi niliyekulia ugali wa muhogo, nikasahau kwamba panya nao wamekulia huohuo.

Lakini iliyoniponza ni ya wavu.

Unakumbuka niliporudi shule ulinifungia dagaa kwa kipande cha wavu chakavu? Dagaa tulikula, wavu nikaufua na kuuweka. Siku moja nikautandaza juu ya karatasi, nikachovya mswaki kwenye bluu, nikazikwangua nywele zake kwa kidole gumba. Matone yakaruka kama manyunyu. Nilipouinua wavu, Mama, nilikaa chini. Matundu yote yalikuwa ya bluu na nyuzi zimebaki nyeupe, vikamba vidogo vidogo, kana kwamba ziwa linachungulia kwa nyuma. Na pale ulipopashona wavu ulipochanika, pakatokea mfano wa kovu.

Mswaki wenyewe ulikuwa wangu, na sina mwingine. Asubuhi yake Mamdogo alinishika kidevu.

"Nyangeta, mbona midomo ya bluu? Kifua kinabana?"

"Hapana, Mamdogo."

"Toa ulimi. Yesu wangu, na ulimi! Vaa viatu twende zahanati."

"Ni peni, Mamdogo. Niliinyonya."

"Kidato cha tatu unanyonya peni? Chekechea wanafanyaje sasa?"

Alicheka siku nzima, akamhadithia kila mteja. Uwongo wangu wa pili huo.

Wa tatu sikuusema kwa mdomo. Kadi ya wavu niliichomeka dukani, kwenye rafu, katikati ya zile za muuzaji wa jumla. Sikutaka kumdanganya mtu, Mama. Nilitaka kujua tu. Atakayeiona atatambua kwamba imetoka jikoni? Ataipita? Kwa siku tano nilikuwa nikitoka shule naangalia kwanza kama ipo.

Jumamosi akaingia mama mmoja mtu mzima, kwao Ukerewe ila anaishi Nyegezi. Binti yake anaolewa, na yeye anatafuta kadi za kumuagia. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti umeiacha tumboni?"

Akapekua rafu, akaitoa ileile. Akavaa miwani.

"Hii kaitengeneza nani?"

Mamdogo alikuwa anahesabu karatasi za kopi, hakuinua hata macho. "Zote za kiwandani hizo, dada. Zinatoka Dar."

"Dar wanajua wavu wa dagaa?"

"Dar siku hizi wanajua kila kitu."

Yule mama akapitisha kidole taratibu. "Haya ni matundu ya dagaa, si ya sato. Na hapa palichanika, mtu akapashona. Tazama, amepiga fundo mara mbili. Mashine gani hiyo inayoshona wavu?" Akacheka peke yake, halafu akavua miwani. "Baba yangu alinisomesha kwa dagaa. Nataka kila atakayekuja kumuaga binti yangu ameshika wavu huu mkononi. Nipe hamsini, zote dabo."

"Jumamosi ijayo unazo," Mamdogo akasema. Kulikuwa na wateja wengine wawili, wote wa jumuiya yetu ya kanisani. Wote walisikia.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mashine ya kopi nimekumbatia rimu ya karatasi. Yule mama wa watu alikuwa amelitambua fundo lako, Mama, fundo lako wewe, hatua tatu kutoka nilipo! Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "Karibu tena."

Tangu Jumatatu Mamdogo anampigia muuzaji wa jumla, na spika inatusomea yote.

"Mama, nakuapia, sina kadi ya wavu. Sijawahi kuwa nayo."

"Unawauzia wenzangu, mimi unanificha!"

"Nikufiche kwa lipi, dada'angu? Miaka yote hii tunafanya kazi?"

Jana alimwambia asimpigie tena. Mtu wa watu hana kosa hata moja. Na leo asubuhi, ananipa chai, Mamdogo akasema kwa sauti ndogo ambayo sijaizoea kwake, "Kesho mchana nitakwenda Nyegezi nikamwambie yule mama sina. Niliahidi mbele ya watu, Nyangeta. Toka nifungue duka hakuna mtu aliyewahi kuniita mwongo." Nilikunywa chai. Nilimaliza kikombe chote.

Leo tumetoka shule mapema. Nimekuja moja kwa moja hapa chumbani na wavu wako, nikajaribu kutengeneza nyingine. Nimetengeneza kumi na mbili, ziko chini ya kitanda zinakauka. Nimegundua kitu. Ukiuvuta wavu kidogo, matundu yanakuwa marefu kama macho, ukiulegeza yanakuwa mviringo. Ukizidisha maji, bluu inapita chini ya uzi na kuharibu, ni lazima mswaki uwe karibu mkavu. Hakuna mbili zinazofanana, na sijui mteja atalipokea vipi hilo. Lakini kovu lako lipo kwenye kila moja, maana naligeuzia juu kwa makusudi. Zilizobaki naweza kuzimaliza kesho baada ya shule, nikipata karatasi nzima na si vipande, na karatasi nzima anazo Mamdogo peke yake.

Nilipoanza barua hii, nilichotaka kukuomba ni umpigie wewe umwambie. Nilitaka kumpa Mafuru mkubwa, yule dereva wa gari la samaki, akuletee kesho asubuhi. Halafu nikapiga hesabu. Atafika kwako jioni, na Mamdogo ameshakwenda Nyegezi mchana. Na hata kama angewahi, ningekuwa nimekupa wewe, uliyeko huko na mgongo wako, kazi ya kufungua mdomo wangu. Ombi hilo nimeliandika mara mbili na kulifuta mara mbili, utaona karatasi ilivyochubuka hapo juu. Naogopa atasema dukani kwake si pa kuchezea, nisikanyage tena. Naogopa zaidi ataumia kwamba nilimwangalia wiki nzima anagombana na mtu asiye na kosa.

Nina maswali mengine ya kukuuliza. Bibi alisema zamani nyuzi za wavu zilichemshwa na magome ya mti ili zisioze. Mti gani? Maji yake yalikuwa na rangi gani, nyekundu au nyeusi? Na je, yalichuja wavu ukiingia ziwani? Muulize kabla hajasahau, kisha mwambie Mafuru wetu aandike.

Nisalimie Bibi, mwenye jina langu, mwambie miguu yake isitembee mvuani. Nisalimie Mjomba Magesa, fundi wetu wa mitumbwi, na mkewe aliyenifundisha kusuka. Kaka Mafuru mpe salamu, umwambie shati lake jeupe likiwa na madoa nina bluu ya kutosha. Majirani wote wa mwaloni, mnapoanikia dagaa, wasalimie kwa majina, usimruke mtu.

Mama, geti limelia. Ni Mamdogo, namjua kwa kandambili zake. Amesimama bombani ananawa. Mapema jioni hii alipopita kuchukua funguo niliikalia karatasi hii, na geti lilipolia kabla ya hapo niliisukuma chini ya mto. Sasa anakuja huku chumbani.

Nimezitoa kadi chini ya kitanda, nimezipanga mezani zote kumi na mbili, na wavu nimeutandika pembeni. Barua nayo nimeiacha wazi katikati. Nikishindwa kusema, atasoma, na kama amefika mstari huu, basi, Mamdogo, shikamoo, ni mimi.

Yuko mlangoni.

Binti yako akupendaye,
Nyangeta