Jino Alilonilipia Baba

Nkubu,
9 Januari 2025

Kwa Baba,

Habari za Embu? Sisi huku hatujambo, ila mdogo wangu Mwirigi ana kikohozi tangu Krismasi, na Mama miguu humsumbua akisimama sana sokoni. Natumaini wewe ni mzima na kazi ya mbao inaendelea.

Baba, barua yako nililetewa na dereva Gikunda. Niliisoma mara tatu kabla ya kumwonyesha Mama. Unasema umeongea na daktari wa meno huko Embu, na kwamba kwa sababu nimefikisha miaka kumi na minane anaweza kunipandia jino jipya ndani ya mfupa, lisilovuliwa usiku. Sikujua jino linaweza kupandwa kama mche.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu nashindwa kusema. Tangu Aprili ile ya kidato cha tatu, uliporusha ngumi kwa Mama nami nikaingia katikati, nimesoma mpaka nikamaliza shule nikiwa nimeziba mdomo kwa mkono. Bwenini walikuwa wakiniambia, "Karwirwa, funga geti, mbuzi watatoka!" Nilicheka nao. Ningefanya nini?

Mama amesema tu, "Jino ni lako, si langu. Ukitaka, nenda." Nataka, Baba. Nikiitwa chuo cha ualimu nitasimama mbele ya watoto, na watoto hawana huruma.

Ni mimi binti yako,
Karwirwa

*

Embu,
19 Januari 2025

Kwa binti yangu Karwirwa, mwenye jina la mama yangu,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Mwirigi achemshiwe tangawizi, na mama yako apumzishe miguu.

Umeliandika jambo lile bila kulizungusha. Nilisoma nikiwa nimekaa juu ya mbao, hata Gachoki ninayefanya naye kazi akaniuliza, "Salesio, kuna msiba kwenu?" Nikamwambia ni vumbi la msumeno. Nilimpiga aliyebeba jina la mama yangu. Kosa kama hilo mtu haliombei msamaha mikono mitupu.

Sijagusa pombe kwa miezi saba. Nimeshaongea na daktari, anaitwa Asmaa, ni mpole. Njoo Jumatatu ya tarehe 17 mwezi ujao, nitakungoja steji. Na siku atakapomaliza jino, tutapanda gari pamoja mpaka Nkubu, niingie kwangu nikiwa nimerudisha nilichoondoa. Mwambie mama yako hivyo.

Ni mimi baba yako,
Salesio

*

Nkubu,
24 Februari 2025

Kwa Baba,

Hujambo? Nilifika salama. Mwirigi amepona kikohozi. Mimi uso ulivimba siku tatu, sasa umerudi.

Asante, Baba. Sikukuambia pale kliniki kwa sababu mdomo ulikuwa umekufa ganzi, na hata usingekufa ganzi sijui kama ningesema. Sindano haikuuma sana. Kilichonitisha ni kuchimba. Nilikuwa nasikia sauti ndani ya kichwa changu kama mashine yenu ya mbao. Nilipotoka nilikukuta umeshika mkoba wangu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Tulikaa kwenye benchi saa nzima, na halikuwa jambo baya.

Daktari alinieleza hivi: kile chuma kidogo kiko ndani ya taya, na mfupa lazima ukishike wenyewe, polepole, kwa miezi minne. Jino alilolibandika juu yake ni la muda. "Hili ni la kuonekana, si la kufanya kazi," alisema. Nisiume nalo, nisivute nalo kitu. Mwezi wa Juni ataweka lile la kudumu.

Jana kanisani niliimba nikiwa nimefungua mdomo. Kajuju, jirani yetu, aligeuka akaniangalia mpaka nikasahau ubeti.

Asubuhi namsaidia Mama kufunga mafungu ya sukuma wiki ya kuuza sokoni. Mama anasema asante.

Binti yako,
Karwirwa

*

Embu,
16 Machi 2025

Kwa binti yangu,

Salamu kwenu nyote. Mimi sijambo, mgongo tu, na huo ni uzee.

Umeimba kanisani! Nimemsomea Gachoki sehemu hiyo. Usiogope kuhusu chuma. Mifupa ya kwetu inashika kama simiti.

Nimemwambia mwenye kiwanda kwamba Juni naondoka. Amekubali. Gachoki ananicheka, anasema nimeanza kupiga pasi suruali kama bwana harusi. Nimemtengenezea Mwirigi kitanda cha mvule, nitakuja nacho. Mlango wa jikoni bado unakwama? Nitaurekebisha siku ya kwanza.

Mama yako alisema nini ulipomwambia ninakuja? Hukuniandikia.

Baba yako,
Salesio

*

Embu,
26 Mei 2025

Kwa binti yangu,

Natumaini hamjambo. Sijaona barua tangu Februari. Nilimuuliza Gikunda, akasema anakuona sokoni na u mzima, lakini unapita upande wa pili akisimamisha gari. Simu hushiki. Kuna nini? Wiki tatu tu zimebaki.

Baba yako,
Salesio

*

Nkubu,
8 Juni 2025

Kwa Baba,

Hujambo? Sisi tuko, Mungu ametulinda.

Baba, chuma kimetoka. Kilianza kulegea Aprili. Mwezi uliopita nilikuja Embu na Mama, daktari akakiondoa. Tulipita karibu na kazini kwako, hatukuingia. Alisema mfupa haukukishika kwa sababu kilikuwa kinavutwa.

Nilikivuta mimi. Unajua sokoni tunavyofunga sukuma kwa kamba ya mgomba: mkono mmoja unashika fungu, mwingine unazungusha, meno ya mbele yanakaza. Miaka miwili nilikuwa nakaza kwa meno ya pembeni. Siku nilipopata jino, kichwa changu kikasahau, nikakaza nalo. Niliposikia maumivu niliogopa sana, nikalia.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mara ya pili sikusahau. Wala ya tatu. Daktari aliniuliza kama nilielewa maagizo yake, nikaangalia chini, akadhani naona haya.

Nikueleze kwa nini. Nilipomsomea Mama barua yako ya Machi, alisema, "Sawa." Siku iliyofuata alimwita fundi akatia komeo kwenye mlango wa chumba changu, kwa ndani. Kisha akahamishia godoro la Mwirigi humo. Mwirigi ana miaka minane na alikuwa ameacha kukojoa kitandani, ameanza tena. Hakuna aliyesema neno baya juu yako. Walikuwa wanajitayarisha tu. Nami niliona kwamba tarehe ya jino langu ndiyo wanayoihesabu.

Najua umejitahidi. Najua chuma kile kimekula jasho lako. Nililitaka jino, lakini si kwa bei hiyo. Ningekuambia mapema, nikaogopa, nikaacha kamba iseme. Hilo ni kosa langu, nisamehe.

Baba, usije.

Binti yako,
Karwirwa

*

Embu,
6 Julai 2025

Kwa Karwirwa,

Hamjambo? Mimi nipo.

Barua yako niliipata. Nimekuandikia majibu matatu, yote nikayachoma, kwa sababu yalikuwa na maneno ambayo ungeyajua, ya siku zile za pombe. Nisikudanganye: siku niliyoisoma nilikunywa, na kesho yake pia. Gachoki ndiye aliyenitoa baa. Basi hamkukosea.

Mwenye kiwanda amenirudishia kazi. Daktari Asmaa anasema baada ya miezi sita mfupa utakuwa umejaa, anaweza kuanza upya. Nimemwambia ukija usiulizwe chochote, na mimi nisiitwe. Ukitaka. Usipotaka, basi.

Kitanda cha Mwirigi nitakipakia kwa Gikunda Jumamosi. Akiuliza kimetoka wapi, mwambie kimenunuliwa sokoni Makutano.

Baba yako