Ganda la Vrabel

Mdogo wangu mpenzi Irma,

Nakusalimu kwa mikono inayonuka siki, maana nimetoka kujaza kabichi mitungi kumi na minane na sikuwa na subira ya kunawa vizuri. Goti lako linaendeleaje? Na Emil bado anakohoa? Mwambie shemeji yake anasema aache zile sigara kabla hazijamwacha yeye. Sisi huku bondeni ni wazima, na mimi ni mzima kuliko wote, kwa sababu nina habari ya kukukalisha kitako. Haya, kaa.

Darlene ameshinda! Na si pale klabuni kwetu tu, ni jimbo zima la Pennsylvania. Wanaume sitini na mmoja na mwanangu. Yadi mia mbili, risasi tano, na zote tano zimeingia katika tundu ambalo ukiliwekea kifungo cha shati hulioni tena. Ile karatasi ya shabaha nimeibandika kwenye friji. Aliyekuja kuazima sukari ameiona, mleta barua ameiona, hata padri ameiona, naye akaniambia, "Olga, hii ni mara ya tatu unanionyesha." Nikamjibu na ya nne inakuja.

Lakini nikueleze tulikotoka, maana miaka miwili hii nilikuwa nakuandikia habari za kabichi tu, nawe hukuuliza, ulijua tu mambo si mazuri.

Unamkumbuka marehemu Steve na lile ganda lake la risasi, kile kikopo cha chuma kinachobeba baruti. Miaka sita alikaa nalo kule chini ya nyumba, analitanua, analirefusha, mpaka halikufanana na ganda la kiwanda chochote. Kwa desturi ya watu wa shabaha, aliyebuni ganda huliita kwa jina lake, basi likaitwa Vrabel. Watu wanne pale klabuni walichongesha mitutu yao ilichukue, na kila mtutu ukapigwa mhuri wa jina letu. Niambie ni mwanamke gani mwingine bonde hili ambaye jina la mumewe limegongwa kwenye chuma. Hayupo.

Steve alipofariki, Darlene akairithi bunduki. Na hapo ndipo risasi zake zilipoanza kupanda na kushuka. Kulia na kushoto hazikwenda hata unywele, ila moja huku juu, moja kule chini. Mzee Orville Shank, yule mwenye tumbo, kila Jumamosi anapita nyuma ya meza yetu ya kulengea na kuniuliza, "Mama Darlene, mtoto analenga shabaha au anajenga ngazi?" Mimi namwambia aende zake akalinde meza yake, hilo tumbo ndilo linaloizuia isitikisike. Watu wanacheka, namgawia mkate wa karanga, anakula. Lakini Darlene hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama mikono yake. Akaniambia, "Ni mkono wangu, Mama. Baba alikuwa na mkono, mimi sina." Mwezi Machi akasema msimu huu ukiisha anamuuzia Orville bunduki, anaachana na mambo haya.

Halafu siku moja mwezi Mei nikiwa napepeta unga, akapanda kutoka chini na ganda la baba yake mkononi, amelijaza baruti na kulifunga kwa risasi. Akalitikisa karibu na sikio langu. "Sikiliza." Nikasikia chaka-chaka, chaka-chaka, kama mchele ndani ya kopo. Akanieleza taratibu kama ninavyokueleza wewe. Zile risasi nyepesi za shabaha zinataka baruti ya kuungua haraka, na kipimo chake ni kidogo, hakijazi ganda kubwa namna ile. Inabaki nafasi. Baruti inalala mbele safari hii, safari ijayo inalala nyuma, kwa hiyo haiungui sawasawa, na risasi moja inatoka mbio, nyingine inachechemea. Ukitia ile ya kuungua polepole ili ganda lijae, nusu inatoka mdomoni mwa mtutu haijaungua. Basi kosa halikuwa mkono, wala baruti. Ganda lilikuwa kubwa mno.

Akanishika bega akaniomba radhi, eti anataka kulifupisha ganda la baba, na anajua litaniuma. Nikamwambia afupishe. Fundi akaukata mtutu kwa nyuma na kuuchonga upya. Ganda jipya ni fupi, nene, baruti imejaa mpaka shingoni. Alinitikisia sikioni: kimya kabisa. Nilijua siku ile ile kwamba Orville atayameza maneno yake, na ameyameza, pamoja na vipande vitatu vya mkate wangu.

Sasa, Irma, hapa ndipo penye barua yenyewe.

Siku ile Darlene aliponitikisia ganda sikioni haikuwa mara ya kwanza. Wiki mbili kabla Steve hajafariki, aliniomba nimletee kitandani ganda moja lililojazwa. Akalitikisa karibu na sikio langu. Akasema, "Unasikia, Olga? Inacheza. Nililifanya kubwa kwa majivuno tu. Mwambie Darlene alikate." Nikaitikia. Kisha kwenye mazishi wale wanne wakasimama wakasema jina la Vrabel halitakufa, na mimi nikalishika hilo. Niliona ganda likikatwa, ndiyo tumemkata Steve mwenyewe. Sikumwambia Darlene. Miaka miwili mwanangu ameilaumu mikono yake mezani pangu, nami namwekea supu.

Na juzi fundi alimuuliza apige mhuri wa jina gani kwenye mtutu, maana ule wa zamani ulikwenda na kipande kilichokatwa. Darlene akasema, "Vrabel, kama zamani. Baba angefika hapa mwenyewe, kama angepata mwaka mmoja zaidi." Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikasema mtutu unang'aa vizuri.

Wewe unanijua, kujisifu naweza mbele ya padri, lakini hili mdomo umenikataa mara tatu. Kwa kalamu limetoka. Darlene ndiye anayekwenda posta leo, na nitamwambia kuna ukurasa mmoja humu wa kwake, ausome kabla hajaibandika stempu. Ukiipata barua hii, ujue ameisoma. Ukiona alama ya chozi, sijui litakuwa la nani kati yetu.

Wasalimie Emil na watoto wote. Goti ulifunge sufi, usinibishie.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Olga Vrabel, mama yake bingwa