Denis, Luc na Ukuta wa Kona ya Nne

Mtaa wa Chestnut,
Putnam, Connecticut,
21 Oktoba.

Mpendwa kaka yangu Armand,

Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na goti lako jipya. Je, unapanda ngazi mwenyewe, au bado wifi Lorraine anakusukuma kwa nyuma? Na joto la Arizona limepungua? Huku baridi imeshaingia na majani yamejaa uani. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, na hayo yameharibiwa na wanangu na magari yao.

Mahindi ya jirani yaliliwa yote na paa mwaka huu. Anasema atajenga uzio. Husema hivyo kila mwaka.

Uliniuliza kwenye simu habari za wapwa zako nikageuza mazungumzo. Sasa nakueleza. Mwezi wa Julai, kwenye mbio za magari, mzunguko wa mwisho, Luc alikuwa mbele na Denis nyuma yake. Denis akamgonga kwa nyuma, Luc akabamizwa ukutani kona ya nne, Denis akashinda. Unawajua watu wa magari haya ya mbio, yenye magurudumu yaliyotokeza nje ya bodi: kwao kugusana ni salamu. Lakini mtu wa tumbo moja nawe humgusi hivyo, na Denis hakuomba radhi. Alisema tu, "Kaacha mlango wazi upande wa ndani wa kona, nikaingia."

Hawakusemeshana tena. Jumapili Denis anakuja kula mchana baada ya misa, Luc anakuja jioni. Nikawa naoka pai mbili za nyama, maana hakuna aliyekubali kula iliyokwisha kukatwa na mwenzake. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Basi nami nikachukua reki nikakusanya majani. Lakini sikufichi, Armand, niliumia. Marehemu Normand aliniachia watoto wawili na karakana moja, na hao watoto wakaigawa karakana kwa mstari wa chaki.

Jumamosi iliyopita zilikuwa mbio za kufunga ligi ya kanda. Luc alikuwa anaongoza kwa pointi chache, akihitaji tu asiachwe mbali na yule Kowalczyk wa Massachusetts, aliyekuwa wa pili kwa pointi. Angepata ubingwa ambao hata baba yake aliufukuzia hadi akazeeka asiupate. Asubuhi, kwenye mazoezi, injini yake ikapasuka. Ilitoboka ubavuni, haikuwa ya kutengenezwa pale.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kukunja huko kwa mafundi, blanketi magotini, donati mkononi. Luc alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu. Mara nikamwona Denis anakuja, analisukuma gari lake mwenyewe. Unakumbuka kwamba pointi ni za dereva, si za gari.

"We, ingia humu kabla sijaghairi," akasema.

Luc hakuinuka. "Hilo dude? Hata breki linazo?"

"Za nini? Julai mbona sikuzihitaji."

Nilidhani watazichapa pale pale, nikaiondoa kahawa yangu njiani. Luc akasimama, akavaa kofia yake ya chuma.

"Mkwaruzo mmoja tu, Luc," Denis akamwambia, "na nitakuzika nalo."

Mbio zenyewe sitazieleza. Huzunguka tu, wajua mwenyewe. Denis alining'inia kwenye uzio mwanzo hadi mwisho, anapiga kelele, "Usiniulie matairi, mjinga wewe!" Hakuna aliyemsikia ila mimi, na mimi ni kiziwi. Kowalczyk alimaliza wa tatu, Luc wa nne. Ikatosha. Gari halikuwa na alama hata moja.

Kisha Luc akapewa bendera ya ubingwa azunguke nayo peke yake. Watu wamesimama, wanashangilia. Alipofika kona ya nne akapunguza mwendo, akalisogeza gari taratibu hadi ukutani, akalikwangua ubavu mzima wa kulia, polepole, kama mtu anayepaa magamba ya samaki. Akaja akasimama mbele ya Denis, akatoa kichwa dirishani.

"Hiyo ya Julai," akasema.

Denis akalizunguka gari. Akaugusa ubavu kwa kidole. Halafu akacheka, Armand, akacheka mpaka akakalia tairi, na Luc akashindwa kushuka kwa kucheka. Mimi nililia, na sikujificha.

Jana walikuja wote mchana. Waligombana kuhusu rangi ya gari tangu supu hadi kahawa, midomo imejaa.

Nisalimie sana wifi Lorraine, binti yenu Giselle na watoto wake, hasa yule mdogo aliyeng'oka meno. Mungu abariki goti lako na akulinde na ngazi zote.

Krismasi mje. Naoka pai moja.

Dada yako akupendaye daima,
Yvette