Nimesema Tuko Wanne

Shoga, uko hapo? Nimeharibu.

Wanangu wamebishana wiki nzima kuhusu likizo. Leo tukakubaliana: milimani, ziwani, halafu ufukweni. Nikaanza kupigia hoteli, spika wazi, wote wawili wananisikiliza.

Ya kwanza nikasema, "Tuko wanne."

Kijana akanong'ona, "Mama, watatu." Nikajichekesha, nikarekebisha.

Ya pili nikasema tena. Wanne! Miezi minane tangu tumzike baba yao, shoga, na mdomo wangu bado unamhesabu!

Binti akasimama. "Basi, Mama. Tusiende popote." Kajifungia chumbani, analia. Namsikia hapa nilipo.

Nisipowatoa humu ndani tutaozea humu.

Imebaki hoteli ya ufukweni. Nakutumia namba. Piga wewe, nakuomba. Sema watatu. Mimi siwezi.