Simba Jike Mwenye Ndevu

Jumapili, Keko. Manyunyu tangu alfajiri. Mgongo unaniuma kwa safari ya lori, kidole nimekifunga kitambaa, na sijutii kitu.

Jana tulikwenda Mikumi. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wachongaji alisema ni aibu wananchi kuchonga wanyama wa nchi yao huku wanaowaona ni watalii peke yao. Akaomba lori, tukapanda waume, wake na watoto, na masufuria ya pilau katikati. Baba mkwe naye alikuja, na kofia yake ya Ijumaa.

Sikuwahi kumwona twiga akitembea. Nilidhani atayumba kwa urefu ule. Hakuyumba. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Lakini ninachotaka kuandika ni habari ya simba.

Mume wangu, Baba Salma, anachonga simba, ufundi aliofundishwa na baba yake. Mimi nawapiga msasa na kuwang'arisha kwa rangi ya viatu. Patasi sishiki. Kwa watu wetu wa kusini kuchonga ni kazi ya mwanamume, na baba mkwe husema mwanamke akishika patasi, mti unapasuka. Wateja humpenda zaidi simba mama na watoto wake, na Baba Salma humchonga vizuri, manyoya mazito shingoni. Tangu niolewe nayasugua manyoya yale mpaka vidole vinakufa ganzi. Niliwahi kuuliza kama kweli mama naye anayo.

"Wewe sugua," baba mkwe akaniambia. "Mwanamke anajua nini habari za simba?"

Basi jana tukamkuta simba kajilaza kivulini, watoto wanampanda tumboni. Shingo yake laini kama ya mbuzi. Baba Salma akamgeukia askari wa wanyama aliyepanda nasi.

"Ndugu, mbona huyu manyoya yamemnyonyoka? Anaumwa?"

Askari alicheka mpaka akashika ubavu. "Jike hilo, ndugu yangu! Manyoya ya shingo ni ya dume."

Wanaume wakaanza kutazama miti. Wachongaji wote wa ushirika walikuwemo mle, na hakuna asiyemchonga mama mwenye ndevu.

Sikucheka. Nilijizuia mpaka Chalinze.

Njia nzima nikawa nawaza jambo moja. Kumbe hata wao walikuwa hawajui. Sote tumemwona simba siku ile ile, juu ya lori lile lile. Nani sasa wa kuniambia mimi nikae na msasa?

Leo baada ya chai nikachukua kipande cha mpingo na patasi ya mume wangu, nikakaa barazani, watu wote wanaona. Nikamchonga jike amelala, shingo tupu. Sikio la kushoto likakatika, na patasi ikanipata kidole. Hapo ndipo baba mkwe, aliyechelewa kuamka kwa uchovu, akatokea mlangoni.

"Si nilisema? Mti huo, umepasuka."

"Shikamoo, baba," nikamwambia. Sikusimama. "Na sikio la simba wako wa kwanza wewe, lilitoka zima?"

Marahaba haikuja. Akarudi ndani.

Niliogopa, kusema kweli. Akitaka, atamwambia mwanawe anirudishe kwetu Masasi, na ninamfahamu, hashindwi. Lakini sikuiweka patasi chini.

Baba Salma alikuwa ameketi pembeni muda wote. Halafu akanisogezea jiwe la kunolea.

"Patasi butu ndiyo inayokata vidole, Mama Salma," akasema, macho yake yako barabarani.

Sijui baba mkwe ataamkaje kesho. Mimi najua nitakavyoamka. Nitamweka simba wangu kwenye meza yetu ya kuuzia kando ya barabara, na sikio lake moja. Anayetaka jike mwenye ndevu akaulize kwa wanaume. Wanao tele.